Mgonjwa Hadanganyi: Presha Sugu na Jeni Zetu

(Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, wagonjwa wa presha na jamaa zao. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Hamjambo nyote. Mliosimama kule nyuma, viti bado vipo huku mbele, njooni mkae. Tutachukua muda.

Wengi wenu mmenisikia nikilisema jambo hili katika baraza za chifu, makanisani na hata matangani. Leo nalirudia, na nitazidi kulirudia, kwa sababu wiki haiishi bila kuletewa mtu aliyeambiwa maneno yale yale: "Wewe hunywi dawa." Presha inasoma 190 kwa 110, dawa zimeandikwa tatu, na badala ya kuuliza dawa hizo zinapambana na nini mwilini, tunamgeukia mgonjwa tukamwita mwongo. Linaniudhi sana hili. Miaka yote hii bado sijalizoea.

Presha ni nini, siwaelezi. Nyinyi mnatembea na mashine mikobani kila siku. Naingia moja kwa moja kwenye presha sugu. Ni ile inayobaki juu, 140 kwa 90 kwenda mbele, ilhali mtu anakunywa dawa tatu za aina tofauti kwa dozi kamili, na mojawapo ni ya kutoa maji na chumvi mwilini. Anayehitaji dawa nne au zaidi ndipo ishuke, naye ni wa kundi hilo.

Sisemi kila presha isiyoshuka ni ya jeni, yaani yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Wapo wasiokunywa dawa kweli, mara nyingi kwa sababu pesa imekwisha. Yupo anayepimwa kwa mkanda mdogo ilhali mkono wake ni mnene, na mashine inasoma juu. Yupo aliyeshuka kwenye boda sasa hivi, hajavuta hata pumzi, tayari mkono umefungwa mkanda. Mkalisheni dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, wala msimpigie gumzo. Pia kuna hizi dawa za maumivu. Mtu anaumwa mgongo, anakwenda kwa kemisti, anapewa diklofenaki au ibuprofeni, anaimeza miezi na miezi. Dawa hizo zinaifanya figo ishikilie chumvi, na presha inapanda juu ya dawa zake zote. Kwa hiyo swali la kwanza ukiingia nyumba ya mgonjwa ni: "Unakunywa nini kingine?" Mwombe akuletee mfuko wote wa dawa, usitosheke na kadi ya kliniki.

Hayo mnayajua, nimeyataja ili mtu asiseme nimeyaruka. Ninachotaka ni yule anayebaki ukishamaliza kuyaangalia yote hayo. Dawa anakunywa, mkanda ni sawa, diklofenaki hagusi, na presha bado iko juu. Huyo ndiye mtu wangu.

Nitawasimulia habari ya mama mmoja. Kuna waliowahi kuisikia, vumilieni, kwa sababu kila ninapoisimulia kuna mtu anayekuja baadaye akaniambia, "Hiyo ni habari ya dada yangu."

Mama huyu anauza mboga soko la Kibuye. Alipoletwa kwangu alikuwa na miaka arobaini na kitu. Alikuwa kwenye amlodipini, enalaprili na haidroklorothiazaidi, na kituo kimoja kilikuwa kimemwongezea atenololi. Dawa nne. Presha 184 kwa 112. Katika kadi yake, ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko wa watu tofauti, lakini neno moja: hafuati matibabu. Kituo kile kilifika mahali pa kumwambia asirudi mpaka atakapokuwa tayari kunywa dawa.

Basi mama aliingia na kopo la majarini, lile kubwa la plastiki, limejaa karatasi tupu za vidonge. Alilimwaga juu ya meza yangu. Mwanawe wa shule ya upili alikuwa ameandika tarehe kwa kalamu nyuma ya kila karatasi: kidonge cha kwanza kilimezwa lini, cha mwisho kilimezwa lini. Zote ziko pale, mwezi kwa mwezi, zimefungwa kwa ule mpira wa kufungia noti. Hakusema mengi. Alisema, "Daktari, nimechoka kuapa."

Nikamuuliza habari za kwao. Mama yake mzazi alianguka akifua mtoni, hakuinuka tena. Kaka yake alipata kiharusi kabla hajafika miaka arobaini na tano. Dada yake ana presha tangu mimba ya kwanza. Hebu sikilizeni: katika kadi nzima, kurasa zote zile, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Hata mmoja.

Tulipima potasiamu, moja ya madini ya damu, ikawa 2.9. Ya kawaida huanzia 3.5. Ni kweli haidroklorothiazaidi, ile dawa yake ya kutoa maji na chumvi, nayo hushusha potasiamu, lakini ikishuka hivyo kwa mtu ambaye presha haisikii, usipite tu. Tukapeleka damu Nairobi kupimwa vitu viwili vinavyoiamuru figo kuhusu chumvi, renini na aldosteroni. Majibu yakarudi: renini iko chini kabisa, na aldosteroni nayo iko chini. Tukaongeza amiloraidi. Kidonge kidogo, cha zamani, kisicho na sifa yoyote. Baada ya wiki chache presha yake ilisoma 132 kwa 84, potasiamu ikapanda ikawa sawa, na atenololi tukaitoa polepole.

Lakini kidonge chenyewe! Tuliulizia Kisumu nzima. Kemisti huyu hana, yule hajawahi kukisikia, mwingine anatuuzia kitu tofauti kabisa. Mwishowe kilipatikana Nairobi, kile kilichochanganywa na haidroklorothiazaidi, kikaletwa kwa basi kama kifurushi. Amiloraidi imekaa miaka mingi katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Si dawa ya ajabu. Ni kwamba hakuna anayeiagiza, kwa hiyo hakuna anayeileta, kwa hiyo daktari kijana hajawahi kuiona, kwa hiyo haiagizi. Hapo ndipo tulipokwama.

Sasa kwa nini ilimfaa yeye, na nne zile zikashindwa? Tuje kwenye figo.

Figo zako zinachuja takriban lita 180 za maji ya damu kila siku. Katika maji hayo kuna chumvi kama kilo moja na nusu. Kilo moja na nusu kwa siku! Zaidi ya asilimia 99 ya chumvi hiyo lazima irudi kwenye damu, la sivyo ungekauka ukafa. Kwa hiyo kazi kubwa ya figo ni kurudisha chumvi, na mwisho kabisa wa mrija kuna vijilango vinavyoamua ile chembe ya mwisho irudi au itoke na mkojo. Anayeamuru vijilango hivyo vifunguke ni homoni ya aldosteroni, inayotoka kwenye tezi zinazokaa juu ya figo. Na anayeiamsha aldosteroni, kwa kupitia hatua moja mbili, ni renini, inayotoka kwenye figo yenyewe pale inapohisi damu imepungua nguvu.

Mtu mzima wa afya akila chumvi nyingi, renini inashuka, aldosteroni inashuka, vijilango vinafungwa, chumvi inatoka. Basi fikirini mtu aliyezaliwa na vijilango visivyofungika vizuri. Renini imeshuka, aldosteroni imeshuka, amri haipo tena, lakini milango iko wazi. Chumvi inaingia usiku na mchana, maji yanaifuata, presha inapanda.

Mwaka 1963 daktari wa Kimarekani, Grant Liddle, aliandika juu ya familia ya namna hiyo. Presha iliwapanda tangu ujana, potasiamu ilikuwa chini, na kila dalili ilimwambia kwamba watu hawa wana aldosteroni nyingi kupita kiasi. Alipoipima, karibu haikuwepo. Akajaribu spironolaktoni, ambayo kazi yake ni kuizuia homoni hiyo, ikagonga mwamba. Alipowapa triamtereni, dawa inayofunga vijilango vyenyewe, presha ikashuka. Amiloraidi ni ya ukoo huo huo wa triamtereni. Miaka mingi baadaye yule binti wa kwanza kuandikwa figo zake zilishindwa, akawekewa figo ya mtu mwingine, na ugonjwa wake ukaisha. Hapo ikathibitika kwamba tatizo lilikuwa ndani ya figo tangu mwanzo. Na mwaka 1994 jeni yenyewe ikapatikana: ni ile inayotoa maelekezo ya kuunda kijilango, na imebadilika mahali ambapo mwili hushika kijilango ili ukiondoe. Mwili ukashindwa kukishika, basi kinabaki palepale, kiko wazi.

Ugonjwa wa Liddle wenyewe, ule kamili, ni nadra. Hilo niliseme wazi ili msitoke hapa mkimpa kila jirani jina hilo. Lakini hali inayofanana nao, renini chini na aldosteroni chini, kwa watu wenye asili ya Afrika si nadra hata kidogo. Mwaka 1998 watafiti wa London walionyesha badiliko moja la jeni ya kijilango likionekana mara nyingi zaidi kwa Weusi wenye presha kuliko kwa Weusi wasio nayo. Afrika Kusini wakapata badiliko lao lingine. Na ulifanyika utafiti Nigeria, Kenya na Afrika Kusini, nchi yetu ikiwemo, sikilizeni vizuri, uliochapishwa mwaka 2017. Walichukua watu ambao presha yao haikudhibitika, wengine wakatibiwa kama kawaida, wengine wakapimwa kwanza renini na aldosteroni na dawa ikachaguliwa kufuatana na majibu. Waliochaguliwa dawa kwa vipimo presha yao ilidhibitika zaidi, na mojawapo ya dawa walizopewa mara nyingi kuliko wenzao ni amiloraidi. Kisha jeni za wenye renini ya chini zikasomwa, na mabadiliko yakakutwa katika jeni kadhaa: za kijilango, za kutengeneza aldosteroni, na nyingine za figo ambazo sitazitaja zote, majina yake ni herufi na tarakimu tu.

Naona mkono pale. Ndiyo, mzee. Anauliza: kama ni jeni, mbona babu zetu hawakuwa na presha?

Swali hilo nalipenda kuliko yote, kaeni vizuri. Mzee anasema kweli. Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni aliyeitwa Donnison, aliyefanya kazi huku huku kwetu, Kavirondo Kusini kama walivyopaita, aliandika katika jarida la Lancet kwamba miongoni mwa wagonjwa wote waliolazwa hospitalini mwake hakukutana na mwenye presha ya kupanda. Na si kwamba hakupima. Alipima, na alikuta presha ya watu wa huku haipandi na umri kama ya Wazungu. Jeni hazibadiliki katika miaka mia. Damu ya babu zenu ndiyo hiyo mliyo nayo.

Kuna utafiti mwingine, na huu ni wenu kabisa, ulichapishwa mwaka 1990: watafiti waliwafuata vijana wa Kiluo waliotoka vijijini Nyanza kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Kabila moja, vijiji vilevile, pengine mama mmoja. Ndani ya miezi michache tu presha ya waliokwenda mjini ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Wakapima mkojo: sodiamu, yaani ile ya chumvi, imepanda, potasiamu imeshuka. Unga wa kiwandani, mkate, chipsi, mboga kidogo, viazi vitamu vimesahaulika.

Kwa hiyo mzee, jeni ilikuwepo kwa babu yako na haikumdhuru, kwa sababu chumvi ilikuwa kitu cha kutafutwa. Wanasayansi wengi wanaona kwamba katika joto letu hili, mtu anayetoka jasho kutwa nzima na chumvi ni haba, figo inayoshikilia chumvi ilikuwa neema. Alinusurika yeye, akazaa. Siku hizi pakiti ya chumvi ni bei ya peremende. Figo haikuambiwa kwamba mambo yamebadilika.

Kuna wanaosimulia kwamba Weusi wa Marekani wana presha kwa sababu waliovuka bahari kwenye meli za watumwa walikuwa wale walioshikilia chumvi. Wanahistoria wameipinga sana hoja hiyo, nami siikubali, kwa sababu ya wazi: sisi hatukupanda meli zile, na presha tunayo.

Na kuna kijana mmoja huniambia, "Daktari, ukisema jeni za Waafrika unarudisha ubaguzi." Ninamwelewa. Lakini rangi ya ngozi si kipimo cha renini. Katika ukumbi huu yupo mwenye renini ya chini na aliyekaa karibu naye ana renini ya juu, na wote ni weusi tititi. Mhindi wa mtaa wa pili anaweza kuwa na ya chini. Ninachodai ni apimwe mtu mwenyewe. Ubaguzi ninaouona mimi ni huu: mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi mkubwa wa jeni za presha, watu zaidi ya milioni moja, na karibu wote ni wa asili ya Ulaya. Yetu yasiposomwa, dawa zitaendelea kupangwa kwa miili ya wengine, kisha sisi tunaambiwa hatunywi dawa.

Tukiwa bado kwenye chumvi, nina mambo mawili ya jikoni. La kwanza, hii imani kwamba chumvi mbichi ndiyo mbaya, na ikishapikwa haina neno. Si kweli, kina mama. Chumvi haiungui. Ukitia kijiko sufuriani, kijiko kimeingia tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, kwa mtu, kwa kila kitu: mkate, ugali na mchuzi, vile viungo vya pakiti, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. La pili ni magadi. Tunatia magadi kwenye mrenda, kwenye maharagwe, kwenye kunde zilizokomaa. Magadi ni sodiamu. Mtu ambaye vijilango vyake havifungiki hana haja na sodiamu ya ziada kutoka popote. Wenzetu wa Kakamega na Vihiga wana munyu, maji yaliyochujwa kwenye jivu la maganda ya ndizi au ya maharagwe. Jivu la mimea lina potasiamu kwa wingi, si sawa na magadi hata kama mboga inalainika vilevile. Lakini mwenye ugonjwa wa figo asikimbilie munyu wala vitu vya potasiamu bila kuongea na daktari, potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama.

Sasa mtasema, basi nikiacha chumvi nimepona. Hapana. Utasaidika, na dawa zitafanya kazi vizuri zaidi, lakini mama wa Kibuye alikuwa ameacha chumvi kabla hajaja kwangu. Alikuwa akila mboga zake chukuchuku, watoto wanakataa kula naye. Bado ilikuwa 184.

Turudi kwenye dawa, na hapa wenzangu wa kliniki, maofisa wa kliniki na masista mliopo, naomba masikio. Enalaprili, lisinoprili, losatani, atenololi: zote hizi, kwa njia moja au nyingine, kazi yake inapita kwenye renini. Renini ikiwa tayari iko sakafuni, zinapunguza nini? Ndiyo maana utafiti wa CREOLE uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, kwa wagonjwa Weusi zaidi ya 700, uliona kwamba kuanza na amlodipini pamoja na haidroklorothiazaidi, au amlodipini pamoja na perindoprili, ndugu ya enalaprili, kunashusha presha kuliko perindoprili na haidroklorothiazaidi bila amlodipini. Simwambii mtu aache enalaprili yake. Mwenye kisukari kilichogusa figo, mwenye moyo uliochoka, anaihitaji kwa sababu nyingine kabisa. Nasema msiongeze dawa ya renini juu ya dawa ya renini kwa mtu asiye na renini, kisha mkashangaa.

Mpango wenyewe ni mfupi. Renini chini na aldosteroni chini, fikiria amiloraidi. Renini chini na aldosteroni juu, basi tezi zinatoa homoni kupita kiasi. Hapo ni spironolaktoni, na wengine huwa na uvimbe mdogo kwenye tezi unaoweza kutolewa. Jerome Conn aliueleza ugonjwa huo mwaka 1955 na hadi leo tunaupita kila siku bila kuuona. Renini juu, angalia mishipa ya figo, na hapo ndipo mahali pa losatani na ndugu zake. Kumbukeni atenololi hushusha renini na enalaprili huipandisha, kwa hiyo mwandikieni maabara mgonjwa yuko kwenye dawa gani.

"Kipimo ni ghali." Najua ni ghali. Ni maelfu ya shilingi na sampuli inasafiri. Lakini kinafanywa mara moja. Kusafishwa figo kunafanywa mara mbili kila wiki, maisha yote. Kiharusi cha baba mwenye watoto shuleni sijui mnakipigia hesabu vipi. Na pale kipimo hakipatikani kabisa, hatukai mikono mifukoni. Utafiti wa Uingereza uitwao PATHWAY-2, wa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kwa presha sugu, spironolaktoni ndiyo dawa ya nne bora kuliko nyingine walizozijaribu, na baadaye wakaona amiloraidi nayo inashusha kiasi hicho hicho. Spironolaktoni ipo Kisumu, haina shida kupatikana. Kabla ya kuianzisha pima potasiamu na kreatinini, ile inayoonyesha figo zinafanyaje kazi, na upime tena baada ya wiki chache, hasa kama yuko pia kwenye enalaprili au losatani. Tafadhali msiruke hapo.

Na waambieni wanaume mapema. Spironolaktoni inaweza kuvimbisha matiti ya mwanamume, yakauma. Hatakwambia. Ataiacha kimya kimya, arudi na presha juu, naye umwandike kwamba hafuati matibabu. Amiloraidi haina shida hiyo. Kwa hiyo muulizeni waziwazi, mlango ukiwa umefungwa, mke akiwa nje.

Kuhusu kurogwa, kwa sababu najua swali hilo liko chini ya viti. Familia ambayo mama alianguka, kaka akaanguka, dada akashikwa, watu husema kuna mkono wa mtu. Ninawaheshimu wenye huzuni hiyo. Lakini ugonjwa unaofuata damu ndivyo unavyotembea: mtoto wa mwenye ugonjwa kama ule wa Liddle ana nafasi ya nusu kwa nusu kuurithi. Badala ya kugawanyika boma na kutafuta nani amefanya, pimeni presha ya kila mtu boma zima, hata vijana wa miaka kumi na minane. Binti wa mama wa Kibuye tulimpima. Ilikuwa 150 kwa 96, na hakuna alichokuwa akisikia mwilini.

Je, mwende mkapimwe jeni? Wengi wenu hapana. Renini na aldosteroni zinatosha kuchagua dawa, na kipimo cha jeni hakitabadilisha kidonge chako. Jeni ziachieni watafiti, lakini wakija kuomba damu yenu kwa utaratibu na kwa ridhaa, msiwafukuze.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumza juu ya kukoroma usingizini, juu ya presha ya mimba, na juu ya jeni ya APOL1 inayohusiana na ugonjwa wa figo, hiyo ina habari ndefu inayoanzia kwa mbung'o na malale. Haiwezekani leo. Kwa wahudumu wa afya ya jamii nina moja tu: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Endeleeni kupima. Lakini mkipata mtu wa dawa tatu na presha bado iko juu, msimwandike jina baya. Andikeni: nani kwao aliugua, potasiamu yake ni ngapi, anakunywa nini kingine. Mleteni kliniki na karatasi hiyo, na mkikuta kemisti ana amiloraidi, niambieni ni wapi ili niwatume wengine.

Maswali sasa. Aliyekuja na majibu ya potasiamu au na mfuko wa dawa asitoke, aje huku mbele kwenye meza, mimi na sista tutaangalia mmoja mmoja. Tuanze na yule mama mwenye leso ya kijani, amenyoosha mkono muda mrefu.